Vumbi katika Kipimo cha 1 kwa 24

Katika kurasa hizi tumezoea kujadiliana habari za ngeli, za methali na za vitabu vya kiada, na ni haki yetu, kwa kuwa ndiyo kazi iliyotukutanisha. Leo nawaomba ndugu walimu na wanafunzi mnivumilie nizungumze juu ya sanaa ambayo yumkini wengi wataiona ya kitoto, nayo ni sanaa ya kuunda magari madogo yaliyo mfano wa magari ya mashindano ya zamani. Nimeishughulikia kwa miaka kadhaa sasa, jioni, baada ya kusahihisha madaftari. Nimeona kwamba ina matatizo yake ya ukweli na uongo ambayo mtu aliyewahi kutafsiri hata ukurasa mmoja atayatambua mara moja.

Hata jina la kazi hii halijatulia katika lugha yetu. Nikisema "mwanasesere", msikilizaji atamwona mtoto wa bandia aliyevikwa gauni. Nikisema "kigari cha kuchezea" nitakuwa nimedanganya, maana hakichezewi. Mtoto akikigusa, kioo cha pembeni kitakatika na kazi ya wiki 2 itakuwa imekwenda na maji. "Sanamu" ingefaa, lakini sanamu yaweza kuwa kubwa kuliko mwenye sura yake, na mchongaji ana ruhusa ya kupunguza na kuongeza apendavyo. "Kielelezo" tumekwisha kukitwaa sisi walimu. Mimi husema "kigari cha mfano", na nikitaka kueleweka zaidi naongeza "cha kipimo", kwa maana ileile ya kipimo cha ramani.

Kipimo cha 1 kwa 24 maana yake ni kwamba kila sentimita 24 za gari lenyewe zimekuwa sentimita 1. Namba hizi zina nasaba ya kuchekesha. Hiyo 24 imetokana na vipimo vya Kiingereza, nusu inchi badala ya futi nzima. Nayo 43, ambayo ndiyo ya vigari vingi vya Ulaya, imerithiwa kutoka katika reli za kuchezea, ambako milimita 7 zilisimama mahali pa futi 1. Atakayegawanya atapata 43 na nusu. Basi gari la Mwitaliano lililobuniwa kwa mita na sentimita hupunguzwa kwa futi ya Mwingereza ili lilingane na garimoshi ambalo halipo tena mezani. Wala hakuna anayelalamika.

Wako mabingwa wa kazi hii ambao majina yao yanajulikana duniani kote miongoni mwa wapenzi wake. Huko Turin, Italia, kampuni ya Pocher ilitoa masanduku ya vipande vya kuungwa kwa kipimo cha 1 kwa 8, na miongoni mwayo lilikuwamo gari la Fiat ambalo Felice Nazzaro alishindia mbio kuu za Ufaransa mwaka 1907. Katika sanduku la Alfa Romeo ya miaka ya 1930, mnunuzi alitakiwa kuzifuma spoki za magurudumu mwenyewe, moja baada ya moja, kama fundi wa baiskeli. Uingereza alikuwako Gerald Wingrove, ambaye hakuhitaji sanduku la mtu. Alianza na shaba tupu, akakata, akapinda, akachoma, mpaka gari likapatikana, kisha akaandika vitabu vya kuwafundisha wengine. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Wajapani. Kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka, ilipotaka kutoa mfano wa Porsche 934 mwaka 1976, wakuu wake walikwenda Ujerumani kupiga picha na kupima, wakarudi, wakaona bado kuna mambo hawayajui. Mwishowe wakanunua gari zima la Porsche 911, wakalifungua kipande kwa kipande wapate kuelewa lilivyoungwa. Fikirini, ndugu zangu, gharama ya gari zima kwa ajili ya kigari cha kuweka juu ya kabati.

Na hapa kwetu? Watoto wetu wana sanaa yao ya magari ya waya, na sipendi kuisikia ikitajwa kama ndugu maskini wa ile ya Wajapani. Mtoto hana picha wala futi. Amelisimama gari barabarani kwa dakika 2, amelitazama likipita, kisha amekwenda kutafuta waya, vizibo vya soda na kandambili iliyokatika. Anachokitoa hakilingani na gari kwa urefu wala kwa upana, lakini usukani wake, uliopanda juu kwa waya mrefu mpaka kifuani mwa dereva atembeaye kwa miguu, unageuza magurudumu ya mbele kwelikweli. Kigari changu cha Kijapani, chenye injini ya silinda 6 zinazohesabika, hakiendi popote. Kila mmoja wetu ameshika sehemu moja ya gari na kuiachilia nyingine.

Maana ukweli wote haushikiki. Hilo nililijua nilipokaa na kalamu nikapiga hesabu. Gari ninalolizungumzia, Datsun 240Z, lina urefu wa mita 4 na kidogo; likigawanywa kwa 24 linakuwa sentimita 17, na hapo hakuna ugomvi. Lakini bati la bodi halifiki unene wa milimita 1. Ligawanye kwa 24, nawe utapata kitu chembamba kuliko karatasi ya daftari, ambacho ukikishika kitajikunja. Kwa hiyo watengenezaji hutumia plastiki yenye unene wa milimita 1 hivi, ambayo katika gari lenyewe ingekuwa bati la sentimita 2 na zaidi, yaani kifaru cha vita! Mwundaji hodari huzikwangua kwa tupa na msasa zile kingo tu zinazoonekana, katika milango na madigadi, ili jicho lidhani kwamba bodi yote ni nyembamba. Uzito nao hauponi, kwa sababu hupungua mara 24 kwa urefu, mara 24 kwa upana na mara 24 kwa kimo. Gari la tani 1 lingepaswa kuwa na gramu 72. Rangi vilevile. Ukipaka nyekundu ileile ya kiwandani, kigari kitaonekana cheusi kuliko gari, kwani kitu kikubwa tunakiona kwa mbali, na hewa iliyo katikati hukifubaza. Wajuzi huongeza tone la nyeupe. Rangi si ile tena, lakini macho yanasema ndiyo ile.

Anayefasiri shairi anayajua haya. Mizani ikilindwa, neno litahama. Neno likilindwa, mizani itavunjika. Na msomaji hataki kusikia habari za shida zako. Tofauti ni kwamba sisi wa lugha hatuna rula ya kutuonyesha ni kwa milimita ngapi tumedanganya.

Sasa niseme kwa nini 240Z. Jamaa mmoja aliyekuwa Japani aliniletea sanduku la Hasegawa lenye gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Lilikuwa jekundu, boneti yake nyeusi isiyong'aa, na namba 11 ubavuni. Juu ya sanduku neno "Safari" limeandikwa kwa herufi kubwa. Hilo ni neno letu, ambalo kwetu lina nafasi hata ya kwenda kumtazama shangazi kijiji cha pili, nalo limekwenda ng'ambo na kurudi likiwa limepunguzwa hata likabaki na vumbi, wanyama na magari ya mbio tu. Nalo pia ni kigari cha mfano.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ukali wake unaonekana katika hesabu za waliofika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi 7 vilevile. Mwaka 1970 zilianzia kwetu Kampala. Kuanzia mwaka 1974 zikabaki ndani ya Kenya, na sisi wa Uganda tukawa watu wa kuzisikiliza redioni.

Sikuunda gari la 1971. Niliunda la 1973, la aina ileile, kwa sababu ya aliyeliendesha. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitoa amri ya kuwafukuza Waasia akawapa siku 90, na ukoo wa Mehta ukawa miongoni mwa walioondoka. Mehta akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, yaani miezi michache tu baadaye, akiwa na Lofty Drews, alimaliza Safari kwa alama sawa na Harry Källström, dereva wa Datsun nyingine, ikabidi kanuni ya kuamua sare itumike, na ushindi ukawa wake. Baadaye akashinda mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Alifariki London mwaka 2006. Nimefundisha katika shule nne za Uganda na sikumbuki kumsikia mwanafunzi hata mmoja akilitaja jina lake.

Vibandiko vya 1971 vilivyomo sandukuni havikufaa, ikabidi vya 1973 nivichore kwa mkono kwa kufuata picha za magazeti. Hiyo ilikuwa kazi ya subira tu. Kazi ya kufikiri ilikuja mwishoni, katika vumbi.

Kila anayeunda gari la Safari hana budi kuamua ni saa gani ya maisha ya gari anayoitaka. Liko gari la kabla ya kuondoka, linalong'aa kama sahani, na liko gari la siku ya tatu. Wajapani wenyewe wamekutana na swali hili juu ya gari kamili. Lile la 1971 limehifadhiwa na Nissan mjini Zama, na mwaka 2013 mafundi wao waliifufua injini yake likaweza kutembea tena, lakini makovu ya bodi waliyaacha yalivyo. Mimi nikachagua siku ya tatu. Mabonde ya bodi niliyapata kwa kuikwangua plastiki kutoka ndani mpaka ikawa nyembamba, kisha kuipasha joto na kuibonyeza kwa mpini wa kijiko. Kwa vumbi nilijiona tajiri kuliko waundaji wote wa Ulaya. Wao hukisia rangi yake kutoka katika picha, na aghalabu hulifanya la kijivu kama la saruji, nami ninalo lenyewe, jekundu, nje ya mlango wangu.

Nikachota udongo wa barabarani, nikautwanga, nikauchekecha kwa kitambaa cha khanga kuukuu, nikaunyunyiza. Kigari kikaonekana kimemwagiwa kokoto. Hesabu ileile! Chembe ya nusu milimita, ikikuzwa mara 24, ni jiwe la milimita 12. Udongo wa kweli ulikuwa uongo kuliko saruji ya Wazungu. Dawa ikapatikana darasani. Chaki nyekundu na ya manjano, zikisagwa kwa msasa laini kabisa, hutoa unga usio na chembe inayoonekana, na kidogo cha kahawia kikaleta rangi ya muramu wetu wakati wa kiangazi. Nikapaka kwa brashi, nikapuliza, nikaridhika.

Katika mtaa wetu yuko mzee mmoja, fundi wa kunyoosha bodi, ambaye ujana wake aliutumia katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Kampala. Mwaka 1970 gereji hiyo ilihudumia baadhi ya magari yaliyoshiriki Safari, na yeye, akiwa kijana wa kuosha na kusukuma, alikesha hapo usiku 2. Mwenye gereji alipoondoka mwaka 1972 alimwachia nyundo 2 za kunyooshea bodi, na anazitumia hadi leo. Nilimpelekea kigari nikijua kwamba hatanipamba kwa sifa. Alikiweka juu ya kiganja, akakigeuza polepole karibu na dirisha, maana macho yake yamepungua nguvu.

"Mwalimu," akasema, "gari hili limemwagiwa vumbi. Halijasafiri."

"Kwa vipi, Mzee?"

"Vumbi umelipaka kama mtu anayepaka chokaa ukutani, sawasawa kila mahali. Gari likikimbia, vumbi linalifuata nyuma. Hewa inajizungusha huku kwenye buti, inalirudisha, ndipo kioo cha nyuma kinazibika kabisa wakati boneti bado unaiona rangi yake. Halafu linaingia. Tazama mlango huu, kwenye mstari wa kufungia: pangekuwa pamejaa. Na mbele, waipa zimefuta pinde mbili, na ukingoni mwa kila upinde vumbi limerundikana." Akanyamaza kidogo. "Na mikono iko wapi?"

Sikumwelewa.

"Mikono, Mwalimu. Gari linafika kituoni, watu 6 wanalirukia. Huyu anafungua boneti, huyu anaegemea madigadi akibadilisha tairi, huyu anasukuma kutoka nyuma likikataa kuwaka. Dereva hateremki. Likiondoka, utalijua limetoka kwetu kwa viganja vyetu. Sisi tulikuwa tunacheka: tumelipiga muhuri."

Nilirudi nyumbani nikakiosha kigari chote kwa maji ya sabuni, nikaanza upya. Kwa jioni 9 nilifanya kazi kwa kufuata maneno ya mzee. Nilizibisha kioo cha nyuma. Nilijaza mistari ya milango kwa rangi ya maji iliyokolea, kisha nikafuta ziada kwa pamba. Pinde za waipa nilizikinga kwa vipande vya utepe kabla ya kupuliza chaki. Mikono ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu, kwa kuwa kiganja cha mtu mzima, chenye sentimita 18, hakifiki milimita 8 katika kipimo hiki, na vidole vyake ni vyembamba kama njiti ya kibiriti iliyochanwa mara mbili. Nilichonga muhuri mdogo kwa kipande cha raba ya kufutia, nikaulowesha kidogo, nikaugusisha palepale alipopataja: kwenye ukingo wa boneti, juu ya madigadi ya mbele, na kuzunguka kitasa cha mlango. Unapogusa, chaki huondoka na rangi nyekundu ikachungulia kwa chini. Sanduku la Hasegawa linawataja madereva. Mafundi halikuwataja, wala sidhani kama liko sanduku lolote linalowataja. Sasa wapo, kwa njia ya vumbi ambalo halipo.

Hapa pangefaa kuwa mwisho, lakini mzee alipokiona mara ya pili alikitazama kwa muda mrefu zaidi, akaniuliza hili ndilo lile gari la yule kijana wa Mehta. Nikamwambia ndilo. Akasema yeye mwaka ule wa 1973 hakuwa Kampala tena; gereji ilipochukuliwa na mtu asiyejua kazi ilikufa kabla ya mwaka kwisha, naye alirudi kijijini kulima mihogo. Kisha, bila kuinua macho, akaonyesha kwa kidole upande wa kushoto wa kifuniko cha buti.

"Hapa ndipo nilipokuwa nasukumia. Weka mmoja."

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba kila kilichomo katika kigari hiki nimekithibitisha kwa picha, kwamba hata taa nimezihesabu, kwamba gari la 1973 yeye hakuligusa na kwa hiyo kiganja chake kikiwapo pale kigari chote kitakuwa si cha mwaka huo. Alinisikiliza kwa adabu yote, kama wanafunzi wanavyotusikiliza tunapoeleza ngeli ya U. Halafu akasema, "Wewe Mwalimu umekwisha kusema bati lenyewe si bati," akaaga, akaenda zake.

Nilikaa wiki nzima bila kukigusa. Nilizipitia tena picha zote nilizo nazo za buti la gari lile, nazo ni 3, na katika zote vumbi la upande wa kushoto halina alama. Jumamosi jioni nilichonga muhuri mwingine. Ule wa kwanza ulikuwa wa kiganja cha kulia, na mzee hutumia mkono wa kushoto. Kidole chake cha shahada kilikatwa na bati zamani, kwa hiyo nilikifupisha. Kisha nikaulowesha, nikaugusisha juu ya buti, nikauinua taratibu. Una urefu wa milimita 7 na nusu.